TAHARIRI: MINYOO YA KUKU HAINA MPAKA WA KAYA



Wanunuzi wanaokusanya kuku kupeleka Nyarugusu na machimbo mengine ya Geita sasa wanachagua. Wanamshika kuku kifuani, wakikuta mfupa umesimama kama kisu wanamweka chini. Maneno yamekuwa mengi kwamba tunaonewa bei. Katika hili hatuwezi kuwaunga mkono wenzetu. Kuku wa miezi 7 ambaye mkononi ni mwepesi kama manyoya matupu, nani atamlipia bei ya tetea aliyenona?

Waulizeni akina mama wanaochinja. Wakipasua utumbo wanakuta minyoo meupe kama tambi, mengine marefu kuliko kidole. Pumba tumetoa sisi, aliyenenepa ni mnyoo. Na daftari la mtoto wa shule wengi wetu tunalitegemea kwa huyo huyo kuku, siyo kwa pamba ambayo malipo yake ni mara moja kwa mwaka.

Jambo lenyewe linakwenda hivi. Kuku mwenye minyoo hunya mayai ya minyoo yasiyoonekana kwa macho. Yakikaa kwenye udongo wenye unyevu kama wiki 2 au 3 yanakomaa. Kuku mwingine anadonoa, yanaanguliwa tumboni, na baada ya wiki 5 hadi 8 minyoo hiyo nayo inataga. Jua kali linayaua mayai hayo, lakini kivulini, chini ya samadi na ndani ya banda lisilofagiliwa yanakaa miezi mingi. Tegu yeye anapitia kwa sisimizi na wadudu wa samadi, na kuku wetu wanashinda zizini wakichakura. Vifaranga ndio wanaoumia zaidi.

Kwa hiyo dawa itolewe mwanzoni mwa Oktoba, kabla mvua za Novemba hazijalowesha ardhi, kisha irudiwe Januari, Aprili na Julai. Vifaranga waanze wakifika wiki 6 hadi 8. Tena dawa ya minyoo itangulie chanjo ya mdondo kwa wiki 2 hivi, maana kuku aliyedhoofika hapokei chanjo vizuri, halafu watu wanasema chanjo ni maji matupu. Lakini tusichanganye mambo: kuku anayeharisha kijani, anapinda shingo na wenzake wanakufa kwa mkupuo, huyo si wa minyoo. Aitwe bwana mifugo siku hiyo hiyo.

Sasa namna ya kutoa, na hapa ndipo uzembe wetu ulipo. Unakuta mtu anakata kidonge cha binadamu kwa kukisia. Mwingine anakoroga unga ndani ya ndoo, anaiweka uani na kufungua banda. Kuku anatoka, anakunywa kwenye dimbwi la kisimani, ile ndoo anakunywa bata. Dawa inapimwa kwa kilo za kuku. Mizani yetu ya pamba haimpimi kuku mmoja, ila kuku 10 ndani ya tenga wanapimika. Toa uzito wa tenga, gawanya kwa 10. Hesabu hiyo tulifundishwa kisomoni, na herufi tulijifunza ili tusome karatasi ya dawa, siyo kutia sahihi tu.

Jioni ondoa maji. Asubuhi usifungue banda. Koroga dawa ya kundi lote katika maji watakayoyamaliza asubuhi ile, kama lita 1 kwa kuku 10 wakubwa, weka vyombo viwili au vitatu ili majogoo wasiwazuie wadogo. Wakimaliza ndipo watoke. Banda lifagiliwe siku hiyo na kesho yake, uchafu ufukiwe au upelekwe kwenye shimo la mboji, usiachwe mlangoni.

Dawa nazo zinatofautiana. Piperazini, ile ya bei rahisi, inaondoa minyoo mikubwa ya mviringo tu. Levamisoli inafika kwa minyoo mingine, lakini tegu zote mbili hazimwezi. Ukiona vipande vyeupe vilivyo bapa kwenye kinyesi, mwambie bwana mifugo akuelekeze dawa ya tegu. Usitosheke na maneno ya dukani kwamba zote ni sawa. Mwarobaini na pilipili hatuwakatazi wazee, ila kipimo chake hakuna anayekijua, kwa hiyo visihesabiwe kuwa ndiyo dawa.

Na kuna hii tabia ya kumnywesha kuku leo na kumuuza kesho ili aonekane mchangamfu. Karatasi ya dawa inaandika siku ngapi nyama na mayai yasiliwe. Siku hizo ziheshimiwe. Mchimbaji naye ni ndugu yetu, na wengine kule ni watoto wetu wenyewe.

Wapo watakaosema, kila mtu na kuku wake. Kuku wa jirani anakunya kwako kabla hujaamka! Sisi wa Shinyanga tulishajifunza jambo hili kwenye ngitili, hasa tangu HASHI ilipoanza mwaka 1986: majani yalirudi pale watu wote walipokubali kufunga eneo kwa pamoja. Mmoja akiingiza ng'ombe wake, kazi imeharibika. Kwa kuku ni vile vile. Kaya 5 zikitoa dawa na 15 zisitoe, hizo 5 zimetupa pesa.

Ushirika umepanga kununua dawa kwa pamoja na kuigawa Jumamosi ya kwanza ya Oktoba. Kuku mmoja akiuzwa analipia dawa ya kundi la kaya na chenji inabaki. Idadi ya kuku ipelekwe kwa wenyeviti wa vitongoji kabla ya wiki hiyo, vifaranga wahesabiwe mbali, na anayekuja kuchukua dawa aje na uzito aliopima.