MAJI YA DODOMA YAPANGWE MWAKA WA NEEMA, SI MWAKA WA KIU

*TAARIFA YA TAWI KWA WANACHAMA NA WANANCHI WOTE*



Mvua zimekwisha na mikorongo imekauka. Kuanzia sasa hadi Desemba jiji letu litaishi kwa maji yaliyo chini ya ardhi, na kila mmoja wetu anajua kinachofuata. Mgao utabana, madumu yatapangwa foleni kwenye vilula, maboza yatajaa barabarani, na mamantilie atatafuta maji kabla ya kutafuta wateja. Kamati ya Tawi imeona tusingoje Oktoba ndipo tuanze kulalamika. Tunasema mapema, wakati bado kuna nafasi ya kupanga.

*Msimamo wetu kwa ufupi:* Dodoma haipati maji yake kila mwaka. Inayapata katika miaka michache ya mvua kubwa, kisha inayatumia kwa miaka mingi. Mpango wowote wa maji usioanzia hapo utatuangusha, hata ukiwa na visima vingi na mabomba mapya kiasi gani.

*1. HALI ILIVYO*

Mkoa wetu hupata wastani wa milimita 570 hivi za mvua kwa mwaka, zote katika msimu mmoja wa Desemba hadi Aprili. Maji ya jiji hutegemea zaidi visima vya Mzakwe, katika bonde la Makutupora, kaskazini mwa mji. Visima hivyo vimetubeba tangu enzi za wazee wetu.

Lakini mji uliobebwa si ule tena. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa ulifanyika mwaka 1973. Kwa miaka mingi ulikwenda polepole, hadi Serikali ilipoanza kuhamia kwa kasi kuanzia mwaka 2016, na mwaka 2018 tukawa jiji. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 410,956 katika iliyokuwa Manispaa ya Dodoma. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 765,179. Katika miaka kumi wameongezeka watu zaidi ya laki tatu na nusu, na kila mmoja anakunywa, anaoga, anafua na wengi wanajenga. Viongozi wa sekta wenyewe wametamka mara kadhaa kwamba maji yanayozalishwa ni karibu nusu tu ya mahitaji.

*2. SIRI YA MAKUTUPORA*

Hapa tunaomba wanachama wasome kwa utulivu, maana ndipo hoja yetu iliposimama.

Makutupora ina kitu ambacho sehemu chache za Afrika zinacho, yaani kumbukumbu ndefu ya vipimo vya kina cha maji ardhini. Mwaka 2013 watafiti, wakiwemo Watanzania, walichapisha uchambuzi wa vipimo vya miaka 55. Walichokiona ni hiki: kwa miaka mingi mfululizo kina hushuka tu, kwa sababu mvua ya kawaida hunyonywa na udongo, mimea na jua kabla haijafika kwenye miamba ya chini. Kisha huja msimu mmoja wa mvua kubwa isiyo ya kawaida, na akiba hujaa tena. Msimu uliojaza kuliko yote ulikuwa wa 1997/98, ule wa El Niño, tunaoukumbuka kwa mafuriko na barabara kukatika.

Utafiti mwingine wa baadaye umeonyesha njia yanayopitia maji hayo. Mengi hayazami mashambani. Huzama kwenye vitanda vya mchanga vya mikorongo, wakati maji yanapotiririka kwa siku nyingi. Korongo lile tunaloliona kavu miezi minane, na wengine wakaligeuza dampo au machimbo, ndilo mlango wa ghala letu.

Kwa hiyo tukichimba kisima kipya Mzakwe, hatujaongeza maji. Tumeongeza mrija kwenye chungu kilekile. Chungu hujazwa na korongo, na korongo hujazwa na mwaka wa neema. Mwaka huo ukija ukakuta korongo limejengwa na mchanga wake umebebwa na malori, maji yatapita juu kwa juu. Yatafuata Kinyasungwe hadi Mkondoa na Wami, yatabomoa reli njiani kama yalivyofanya kati ya Gulwe na Kilosa mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, kisha yataishia baharini. Sisi tutabaki na kiu, na wenzetu wa Kilosa watabaki na mafuriko.

*3. "FARKWA NA ZIWA VICTORIA VITAMALIZA TATIZO"*

Hili tunalisikia kila kikao, na hatulipuuzi. Tunaunga mkono Bwawa la Farkwa kwenye Mto Bubu, wilayani Chemba. Tunaunga mkono pia mpango wa kuleta maji ya Ziwa Victoria. Ndugu zetu wa Shinyanga na Kahama wanajua maisha yalivyobadilika maji ya ziwa yalipowafikia. Miradi hii ijengwe, na imalizike.

Lakini Bubu nao ni mto wa nchi hii hii kame. Bwawa la wazi katika jua na upepo wa Dodoma hupoteza karibu mita mbili za kina kwa mwaka kwa kuvukizwa. Na tuna somo nyumbani: Bwawa la Hombolo lilijengwa mwaka 1957, leo limepungua kina kwa tope lililoshuka kutoka mashamba na malisho ya juu yake, na maji yake yana chumvi. Bwawa bila kutunza ardhi inayolizunguka ni shimo linalosubiri kujaa udongo.

Maji ya ziwa nayo yatasafiri mamia ya kilomita na kupandishwa miinuko ya Singida kwa umeme. Kila lita itakuwa na gharama yake, na gharama hiyo atailipa mtumiaji. Hatuwezi kuyaleta maji ya mbali kwa fedha nyingi huku ya karibu tukiyaacha yapite bure.

*4. WAZEE WALIJUA*

Wazee wa Ugogo bado wanaitaja Mtunya, njaa kubwa ya 1917 hadi 1920. Ukame ulikuwepo, lakini ukame peke yake haukuwa mgeni katika nchi hii. Kilichoua ni kwamba majeshi ya Vita Kuu ya Kwanza yalikuwa yamekwisha kuchukua nafaka, ng'ombe na nguvu kazi. Ukame ulikuta ghala tupu. Somo hilo halijazeeka: anayemaliza akiba mwaka wa kawaida amejichimbia kaburi la mwaka mbaya.

Wazee pia wameona ardhi ikipona. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo iliondolewa katika eneo lililoharibika zaidi Kondoa. Uoto ulirudi na makorongo yakatulia. Lakini mzigo wa kuhama ulibebwa na wafugaji. Sisi tunataka matokeo yale bila kuwatwisha wachache gharama ya wote.

*5. TUNACHODAI*

Kwa msingi huo, Tawi linatoa madai yafuatayo kwa Serikali, Halmashauri ya Jiji na mamlaka zote zinazohusika:

✅ *Hesabu za ghala zitangazwe.* Kina cha maji Makutupora kipimwe na kubandikwa kila robo mwaka kwenye mbao za matangazo za kata na mitaa, kwa Kiswahili chepesi: mwaka jana kilikuwa hapa, leo kiko hapa, tumetoa kiasi hiki. Mwananchi anayeona ghala likishuka atakubali mgao. Asiyeona atahisi anaonewa.

✅ *Mlango wa ghala ulindwe.* Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 imekwisha kuweka mita 60 za kulinda vyanzo, na inaruhusu maeneo ya maji ya ardhini kutangazwa kuwa ya hifadhi. Mikorongo inayolisha Makutupora ipimwe, iwekewe mipaka inayoonekana, na viwanja visigawiwe humo tena. Aliyekwisha kupewa kiwanja kwa hati halali alipwe fidia kamili kabla ya kuondoka. Mchanga uchukuliwe pale tu panaporuhusiwa na wataalamu.

✅ *Mkoa upange kwa mabonde.* Mkoa wetu umegawanyika katika mabonde matatu: Kinyasungwe huenda Wami, Bubu huishia Bonde la Kati, na kusini tunapakana na Mtera katika Bonde la Rufiji. Mto hausomi mipaka ya wilaya. Tunataka meza moja ya mkoa inayokutanisha bodi za mabonde, wilaya zote, wakulima, wafugaji na watumiaji wa mjini, na mpango wenye kurasa mbili: mwaka mkavu tunafanya nini, na mwaka wa mvua kubwa tunafanya nini. Ukurasa huo wa pili ndio unaosahaulika.

✅ *Utaratibu wa mwaka mkavu ujulikane mapema.* Sheria inatanguliza matumizi ya nyumbani. Basi iandikwe wazi: kwanza nyumba, hospitali na shule, kisha mifugo na mashamba ya chakula na zabibu, kisha ujenzi, uoshaji magari na bustani za mapambo. Ratiba ya mgao itangazwe na ifuatwe sawa kwa mtaa wa kigogo na mtaa wa mlalahoi. Leo anayenunua kwa boza au dumu hulipa zaidi kwa lita kuliko mwenye bomba, na mara nyingi ndiye mwenye kipato kidogo. Hilo halikubaliki.

✅ *Mapaa yafanye kazi.* Paa la mita za mraba 100, kwa mvua ya milimita 570, hupokea lita 57,000 kwa msimu. Hata tukipoteza moja ya tano, zinabaki zaidi ya lita 45,000, sawa na madumu 2,250 ya lita 20. Sheria ndogo ya jiji itake kila jengo jipya la umma na la biashara liwe na mifereji na tangi. Mfano uanzie Mji wa Serikali, Mtumba. Kisha shule zetu za msingi, ambazo mapaa yake ni makubwa na watoto wake bado wanabeba vidumu kutoka nyumbani.

✅ *Mabomba yanayovuja yazibwe kwanza.* Lita inayookolewa mtaani haihitaji bwawa wala pampu mpya. Taarifa ya upotevu wa maji itolewe kwa kila kata, pamoja na muda uliotumika kuziba kila mvujo ulioripotiwa.

*6. WAJIBU WETU WANACHAMA*

Tunajua baadhi ya haya hayatawafurahisha wote. Ndani ya tawi hili wapo wenye viwanja karibu na mikorongo, wapo wenye malori ya mchanga, wapo vijana wanaoishi kwa kupakia mchanga huo. Tumewasikiliza. Hatusemi wakose riziki. Tunasema riziki inayobomoa kisima cha jiji haitadumu miaka kumi, na ni kazi ya Serikali kuwaonyesha machimbo mbadala kabla ya kuwakamata. Chama kinachosema yanayopendeza tu si chama, ni kijiwe.

Kwa hiyo tunaagiza:

▪️ Kila balozi ahakikishe mvujo wowote katika eneo lake unaripotiwa siku hiyohiyo, na aandike tarehe.
▪️ Wanachama wenye mashamba waendeleze kisiki hai: visiki vilivyo hai vipogolewe, viachwe vikue. Mti huo haudai maji ya kumwagilia, maana mizizi yake iko chini tayari.
▪️ Taka zisitupwe korongoni. Atakayefanya hivyo aambiwe na jirani yake kabla ya kuambiwa na mgambo.
▪️ Katika mkutano ujao wa mtaa, kila mwanachama aulize swali moja: *kina cha maji Mzakwe leo ni kiasi gani?* Likiulizwa mtaa mmoja litapuuzwa. Likiulizwa mitaa yote litajibiwa.

*7. HITIMISHO*

Mwaka wa neema utakuja, maana umekuja kila mara. Hatujui ni ujao au wa tano kutoka sasa. Tunachoweza kuchagua ni hali utakayotukuta nayo: mikorongo iko wazi, mapaa yana mifereji, mabwawa yana kina na mipango iko mezani, au tunakimbizana na mafuriko Januari ili tukimbizane na maboza Oktoba.

Tunawaomba diwani na mbunge wetu walibebe suala hili kwenye vikao vyao. Tutafuatilia, na tutawaletea majibu hapa hapa, yawe matamu au machungu.

Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba kisitoboke.



*Imetolewa na Kamati ya Tawi, Jiji la Dodoma.*

_Soma hadi mwisho, jadili na jirani, kisha mtumie na mwenzio._