Kuhamisha Bandari Si Kuondoa Vumbi
Safu ya Juma: Na Salum Mwinyimkuu

Tangu mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipopandisha bei ya makaa ya mawe na mataifa ya Ulaya yakaacha kununua ya Urusi, malori yamekuwa yakiteremka kutoka Mbinga, mkoani Ruvuma, hadi bandari ya Mtwara. Na neema hiyo, ambayo hakuna mwenye insafu awezaye kuikana, imekuja na vumbi jeusi. Serikali imeazimia kujenga bandari nyingine Kisiwa Mgao, huko huko mkoani Mtwara, mahsusi kwa ile iitwayo shehena chafu, ili makaa yatengane na korosho zipitazo katika bandari ya sasa. Azimio hilo ni jema. Walakini, vumbi lililohamishwa bado ni vumbi, na huko liendako kuna bahari na ahali waitegemeao.

Atazamaye upakiaji wa makaa kwa mdomo wa chuma wa winchi ataona kwamba, kila ufumbukapo juu ya ngama, wingu huinuka na kufuata upepo, ilhali punje zipenyazo baina ya meno yake hudondoka katika mwanya ulio kati ya gati na ubavu wa meli. Kazi ikiisha, sitaha huoshwa. Na mvua za masika nazo hulisomba vumbi lililobaki kwenye malundo ya nchi kavu. Yote hayo, yasipozuiliwa, huishia majini, yakatia kiza maji na kutanda juu ya matumbawe na nyasi za bahari, ambazo ndizo malisho ya tafi na pono, riziki ya mvuvi.

Na mfano wa vumbi la bandarini lisilozuiliwa upo. Katika mji wa Esperance, Australia Magharibi, mnamo Desemba 2006, ndege walianza kuanguka wakiwa wamekufa, hata wakafika maelfu. Na sababu ikadhihirika kuwa ni vumbi la madini ya risasi, yaliyotoka mgodi wa Wiluna na kupakiwa bandarini hapo. Risasi ilikutwa katika matangi ya maji ya mvua na katika damu ya watoto, upakiaji ukasimamishwa Machi 2007, na Bunge la jimbo likafanya uchunguzi. Makaa si risasi, wala sidai kuwa sumu zake ni sawa. Lakini ibra ni moja, kwamba mji usipolinda upakiaji wake, huletewa habari na mizoga.

Kwa hiyo, kabla meli ya kwanza haijafunga gati Kisiwa Mgao, ni faradhi mkanda wa kupakilia ufunikwe, mfereji wa kushushia makaa ufike ndani kabisa ya ngama, malundo yanyunyiziwe maji, maji machafu yatuamishwe kwenye mabwawa, na kazi isimame kusi likivuma kwa nguvu. Kadhalika, hali ya maji na tope la chini ipimwe sasa, na matokeo yabandikwe wanakijiji wayasome, kwani asiyejua bahari ilikuwaje jana hawezi kuthibitisha madhara ya leo.

Wapo watakaosema kwamba gharama ni kubwa. Ni kubwa, naam; lakini gharama hiyo haiepukiki, ila huchaguliwa wa kuibeba, na asipoibeba mwenye makaa, ataibeba mvuvi wa Mgao, ambaye hakuuza hata kilo moja.