Swichi ya Siri Inayojulikana Mtaa Mzima

KONA YA MNOKO
Na Mzee Mnoko

Jirani yangu yule mliyezoea kumsoma hapa, Bwana Kamera, aliyefunga kamera ya ulinzi ikawa inalinda ukuta wake mwenyewe, amenunua pikapu. Hilux ya zamani, injini ya dizeli aina ya 3L, bodi limepigwa rangi upya. Nilimpongeza kwa moyo safi. Mtu akinunua pikapu huku kwetu Kimara amewanunulia na majirani: saruji ya huyu, magodoro ya mpangaji anayehama, viti vya msiba, vyote vitapanda humo na hakuna atakayeuliza habari ya mafuta.

Jumanne jioni akaja nayo kijiweni. Hakuja kunywa kahawa. Akazima gari, akamrushia ufunguo kijana mmoja wa bodaboda, akamwambia, "Haya, dogo, washa." Dogo akawasha. Stata ikazunguka, injini haikushika. Akajaribu tena, mtambo unakohoa tu. Bwana Kamera akacheka mpaka kofia ikamdondoka. Kisha, mbele ya wanywa kahawa, muuza karanga, bodaboda wote wa kituo na jamaa mmoja mwenye begi mgongoni ambaye mpaka leo hakuna anayejua katokea wapi, akainama, akaingiza mkono chini ya dashibodi, pale pale jirani na kishikio cha kufungulia boneti, akabonyeza kitu.

"Swichi ya siri hiyo!" akatangaza. Gari likawaka. Watu wakapiga makofi.

Mimi sikupiga, na ndiyo maana leo kaeni mkao wa kusomewa. Hii nchi haina uhaba wa vifaa vya kuzuia wizi wa magari. Ina uhaba wa watu wanaoweza kukaa na jambo lao bila kulitangaza. Bwana Kamera alilipa fundi ili mwizi asijue, kisha akaita mkutano wa hadhara kumwelekeza mwizi.

Na hata asingeitisha mkutano, siri ilikuwa imeshakufa gereji. Fundi umeme aliyefunga swichi ile anafunga za wenzake wote mahali pale pale, chini ya dashibodi karibu na kishikio cha boneti, kwa sababu waya zipo karibu na mgongo haumuumi. Pembeni yake kuna saidia fundi wawili wanaomshikia tochi, na mteja mwingine anayesubiri zamu huku akitoa ushauri. Ukitoka hapo unapeleka gari kwa waosha magari, nao wanaikuta swichi kwa kitambaa. Mwizi wa gari la zamani naye si mgeni wa mambo. Akikuta stata inazunguka na injini haishiki, kitu cha kwanza ni kupapasa chini ya dashibodi.

Ndiyo maana nasema, na najua mafundi wangu watanuna: kitu hiki funga mwenyewe. Si kwa ajili ya kubana pesa, ingawa pesa nayo utaibana. Funga mwenyewe ili asiwepo mtu wa pili.

Kazi yenyewe haihitaji cheti cha VETA. Dizeli za zamani kama hiyo ya Bwana Kamera zina solenoidi juu ya pampu inayosukuma mafuta kwenye nozeli. Ukiwasha ufunguo, waya mmoja tu unaipelekea umeme, inafungua njia ya dizeli. Ukizima, umeme unakatika, njia inafunga, injini inakufa. Huo waya mmoja ndio roho ya gari. Uukate katikati, upitishe kwenye rilei ya kawaida ya volti 12, hizi nyeusi za mraba: upande mmoja wa waya kwenye pini namba 30, upande wa pili kwenye 87. Pini 86 ipe umeme wa ufunguo kupitia fyuzi ndogo, na 85 ipeleke kwenye swichi yako ya siri, kisha bodini. Swichi ikiwa imezimwa, rilei haiunganishi waya, na hata mtu akizungusha stata mpaka betri iishe hapati kitu.

Uzuri wa rilei watu hawausemi. Umeme unaopita kwenye swichi yenyewe ni mdogo sana, kwa hiyo waya wake unaweza kuwa mwembamba, na waya mwembamba unafika popote: chini ya zulia, ndani ya kiti, nyuma ya redio iliyokufa. Unaweza hata kutumia swichi ambayo gari lilikuja nayo na haina kazi tena, kama ile ya taa za ukungu ambazo wengi wetu tulishazivunja. Mwizi ataitazama na hataiona. Gharama ya rilei, swichi, fyuzi na mita chache za waya ni ya chipsi mayai za familia kwa jioni moja. Viungio lehemu, usivizungushe kwa vidole na kufunga tepu, maana kiungio kikilegea barabarani ndicho kitakachokuzimia gari.

Mpwa wangu aliniuliza kwa nini tusikate waya wa stata, ni rahisi zaidi. Nikamwonyesha barabara. Kimara ni mteremko. Pikapu ya gia za mkono haina shida na stata: vijana wawili wanasukuma, wa tatu anatia gia ya pili, anaachia klachi, imewaka, kwaheri. Dizeli ikiwa imekatwa, watasukuma mpaka Ubungo. Lakini mwenye gari la petroli na gia za otomatiki akate tu waya wa stata, inamtosha, na haiwezi kumzimia gari likiwa kwenye mwendo.

Na boneti? Ndiyo, mjuzi anaweza kufungua boneti akavuta waya kutoka betri moja kwa moja hadi kwenye solenoidi. Weka kufuli la boneti. Hakuna kinachomzuia mwizi mwenye usiku mzima; tunamtafutia kazi ndefu ili aende kwa mwingine. Samahani kwa huyo mwingine.

Sasa nirudi kwa Bwana Kamera, kwa sababu swichi ilikuwa nusu tu ya maonyesho. Akatoa simu. Ana kifuatiliaji cha GPS, fundi yule yule kamfungia, kinaonyesha gari liko wapi na kinaweza kukata mafuta kwa ujumbe wa simu. Nikamuuliza namba ya siri umebadilisha? Akaniuliza namba gani. Nikauliza laini iliyomo ndani imesajiliwa kwa jina la nani? Ya fundi. Yaani katika nchi ambayo huwezi kupata laini bila kuweka kidole, gari la Bwana Kamera linaongea kwa kidole cha mtu wa gereji, na namba ya siri ni 123456 kama ilivyotoka kiwandani.

Hili si la kuchekesha. Julai 2022 shirika la usalama wa mitandao la Marekani, CISA, lilitoa onyo kuhusu kifuatiliaji cha bei poa kiitwacho MiCODUS MV720. Watafiti walikuta kinatoka na 123456 kama namba ya kuanzia, na kwenye mfumo wake kuna namba kuu ambayo mwenye gari hawezi hata kuibadilisha. Kifaa kile kile kina uwezo wa kukata mafuta kwa mbali. Fikiria uko mlima Kitonga, nyuma yako lori la mbao, na mtu usiyemjua anabonyeza simu yake. Injini ikizimika usukani unakuwa mzito na breki zinabaki na pumzi chache. Kifuatiliaji nakubali kina faida, lakini mimi waya wa kukata mafuta kwa simu siungi. Kiniambie gari liko wapi, basi. Kuzima nitazima mwenyewe.

Na msidhani ni ushamba wa kwetu. Huko Marekani, mwaka 2021, vijana wa Milwaukee walikuwa wakiondoka na magari ya Kia na Hyundai kwa kutumia kichwa cha waya wa USB, kwa sababu matoleo mengi ya ufunguo wa kuzungusha yaliuzwa bila kile kifaa kinachotambua chipu ya ufunguo. Kanada ilishakilazimisha tangu 2007, Uingereza tangu 1998. Kampuni zikabana matumizi, na vijana wakafundishana kwa video. Huko walitangaza wezi. Kwetu anatangaza mwenye mali.

Ving'ora sivitaji hata. King'ora cha gari mtaani kwetu kinalia paka akipita, kinalia radi ikipiga, kinalia mtoto akitupa mpira, na kwa mazoea hayo hakuna anayenyanyuka kitandani. Wanaochonga namba za gari kwenye vioo vya pembeni nawaunga mkono zaidi, angalau kikiibwa, ukienda sokoni Gerezani kununua kioo chako mwenyewe utakitambua. Wenzetu wa Nairobi wanaijua biashara hiyo hiyo pale Kirinyaga Road.

Nilimwambia Bwana Kamera haya yote, kwa sauti ya chini, pembeni. Akanijibu, "Mzee, wewe mnoko. Gari lina bima." Nikamuuliza bima kubwa au ndogo. Ndogo. Bima ndogo, kwa wasiojua, inamlipa uliyemgonga. Gari lako likiibwa, bima ndogo inakupa pole, na pole yenyewe uifuate ofisini kwao.

Basi kwa mwenye pikapu anayesoma hapa: swichi iliyofungwa gereji ihamishe Jumapili hii, peke yako, geti likiwa limefungwa. Namba ya siri ya kifuatiliaji ibadilishe leo kabla hujalala, na laini uisajili kwa kidole chako. Mwenza wako tu ndiye umwonyeshe, dharura haina saa. Baada ya hapo funga mdomo. Na nyie mnaonitumia ujumbe kila wiki kuomba ufafanuzi, msinitumie wa kuuliza yangu nimeiweka wapi.