Lamu: Kivinjari kinapomaliza betri kabla ya fomu kukamilika

MWALIMU wa kisiwa cha Kiwayu au Ndau anapofungua kipakatalishi chake jioni, jambo la kwanza analotazama ni kile kipimo kidogo cha betri kilicho pembeni mwa kioo. Betri ikiwa imejaa, anaweza kuandika maazimio ya kazi, kujumlisha alama za wanafunzi na kuandaa mtihani kwa saa tano bila wasiwasi. Lakini akifungua kivinjari, yaani programu ya kusomea kurasa za intaneti, muda huo waweza kupungua kwa zaidi ya nusu, na fomu aliyokusudia kuijaza ikakatikia njiani.

Hesabu yake si ngumu. Betri ya kipakatalishi cha kawaida huhifadhi nishati ya wati-saa 40 hivi. Mashine inayotumiwa kuandikia tu, mwanga wa kioo ukiwa umepunguzwa, yaweza kula wati 8. Basi betri itadumu saa 5. Zikifunguliwa kurasa nyingi zenye video na matangazo yanayochezacheza, matumizi hupanda na yaweza kufikia wati 20, na betri ile ile ikaisha kwa saa 2. Hapo imechukuliwa kwamba betri ni mpya. Ya kipakatalishi cha mtumba mara nyingi imekwisha kupoteza sehemu kubwa ya uwezo wake, na joto la pwani huizeesha haraka zaidi, kwa kuwa betri za lithiamu ni adui wa joto.

Kwa mkazi wa mji wa Amu, jambo hili laweza kuonekana dogo. Gridi ya taifa ilifika huko katikati ya muongo wa 2010, ikachukua nafasi ya jenereta za dizeli. Gridi nayo ina siku zake, kama ilivyodhihirika Agosti 25, 2023 karibu nchi nzima ilipoingia gizani, lakini angalau ipo.

Hata hivyo, Amu si Lamu nzima. Katika kisiwa cha Pate, mji wa Faza ulitegemea jenereta kwa miaka mingi, na katika vijiji vya mbali paneli ya sola juu ya paa ndiyo mtambo wa umeme wa familia. Mwaka 2017 Benki ya Dunia iliidhinisha Dola milioni 150 za mradi wa kupeleka umeme wa sola katika kaunti 14 ambazo hazikufikiwa vyema na gridi, Lamu ikiwamo. Ni kinaya kwamba kaunti hiyo ndiyo iliyochaguliwa kujengewa bandari kubwa, ambayo gati lake la kwanza lilifunguliwa Mei 2021, na ndiyo iliyokuwa ijengewe mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050, kabla ya leseni ya mazingira ya mradi huo kufutwa Juni 2019.

Kwa nini basi kivinjari kile umeme kiasi hicho? Zamani ukurasa wa intaneti ulikuwa maandishi na picha chache: ukishafunguka, kazi imekwisha. Ukurasa wa leo ni programu kamili inayoendeshwa ndani ya mashine ya msomaji. Hupakua matangazo, hufuatilia anachobofya, huanzisha video ambayo hakuiomba, na huendelea na shughuli hizo hata anapokuwa amehamia ukurasa mwingine. Video nazo siku hizi hufungashwa kwa mifumo mipya inayopunguza ukubwa wake. Mashine mpya ina kifaa maalumu cha kuifungua, ila mashine kuukuu hulazimika kutumia kichakataji chake chote. Ndipo feni inapoanza kuvuma na kipimo cha betri kuporomoka.

Lawama nyingine ni za watengenezaji wa vivinjari wenyewe. Chrome, iliyotolewa na kampuni ya Google mwaka 2008, kwa miaka kadhaa ilikuwa na kasoro katika tarakilishi za Windows. Kwa kawaida mfumo wa Windows huigutusha mashine mara 64 kwa sekunde ili kuona kama kuna kazi. Kivinjari hicho kiliulazimisha kuigutusha mara 1,000, hata pasipo na kazi yoyote. Malalamiko yalianza mwaka 2010, ila kasoro hiyo ilishughulikiwa kwa dhati baada tu ya kutangazwa na vyombo vya habari mwaka 2014.

Mwaka 2016 kampuni ya Microsoft ilichukua tarakilishi nne za aina moja, ikacheza video hadi betri zikaisha. Kivinjari chake, Edge, kilidumu saa 7 na dakika 22. Chrome, saa 4 na dakika 19. Bila shaka mwamba ngoma huvutia kwake, na kampuni ya Opera ilijibu haraka kwa majaribio yake yaliyoipa ushindi. Hata hivyo, ushindani huo ulisaidia. Kufikia mwisho wa 2022, Chrome iliongezewa hali ya kuokoa nishati, ambayo huanza kufanya kazi betri inapobakia asilimia 20. Mtumiaji anaweza kuongeza hatua zake mwenyewe: kufunga kurasa asizozisoma, kuzuia video kujianzisha, na kutazama video kwa ubora wa chini.

Lakini mtumiaji hawezi kupunguza uzito wa ukurasa alioandaliwa na mwingine. Mwenye tovuti jijini Nairobi hulipia seva yake. Umeme wa kuufungua ukurasa hulipiwa na mwenye betri. Kwa mtu aliye karibu na soketi, gharama hiyo haionekani. Anayechajia kwenye paneli moja, inayogawiwa pia taa na simu za nyumba nzima, huiona kila jioni. Simu nazo hazijasalimika: Machi 2022 Google iliondoa katika Chrome ya simu hali iliyokuwa ikipunguza uzito wa kurasa, kwa hoja kwamba gharama ya data imeshuka katika nchi nyingi. Umeme haukutajwa.

Suala hili lingekuwa la starehe tu kama Serikali isingehamishia kazi zake huko. Juni 30, 2023 Rais William Ruto alizindua zaidi ya huduma 5,000 za umma katika jukwaa la eCitizen. Maombi ya vyuo, mikopo ya elimu na kazi za ualimu pia hufanywa kwa mtandao. Fomu isiyohifadhi majibu katikati ya safari humrudisha mwombaji mwanzo pindi mashine inapozimika.

Njia nyingine ipo, na ilikwisha kujaribiwa nchini. Kwa miaka mingi Mamlaka ya Ushuru ilitoa fomu ya iTax ambayo mlipaji aliipakua mara moja, akaijaza bila intaneti wala kivinjari, kisha akaipakia ikiwa kamili. Ilikuwa na usumbufu wake, hasa kwa wasioizoea, lakini kazi ndefu ilifanyika mashine ikila umeme kidogo.

Tarehe ya mwisho ya kuwasilisha ripoti hizo za ushuru ni Juni 30, na anayechelewa hutozwa faini kuanzia Sh2,000. Katika visiwa vya Lamu huo ni wakati wa kusi: mawingu hupunguza kinachoingia kwenye paneli, na bahari huwa chafu kwa mkazi wa Kiwayu anayelazimika kupanda boti hadi Amu kutafuta saiba yenye umeme.