Njia Mbili Zisipite Daraja Moja

Ndugu Wanachama,

Huenda mmoja wenu akauliza, mkulima wa karafuu ana haja gani na habari za Tukuyu? Haja ipo, naomba mnisikilize.

Shemeji yangu ana ghala dogo la parachichi na ndizi huko Tukuyu, wilaya ya Rungwe, nchi ya milima na mvua nyingi. Bei, oda na malipo yake yote hupita katika intaneti. Nilipokuwa mgeni wake wakati wa masika, radi ilipiga usiku, na kulipokucha intaneti haipo. Shemeji akacheka, akatoa simu ya pili yenye laini ya kampuni nyingine. Nayo kimya! Kumbe kampuni zote mbili zimetundika mitambo yao juu ya mnara mmoja, na mnara umekosa umeme. Miaka yote alilipia njia mbili, kumbe anayo moja. Lori lilingoja hata alasiri, na akina mama waliochuma wakarudi kwao mikono mitupu.

Tusimcheke. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika pamoja, na intaneti ikazorota Tanzania nzima na nchi jirani. Nazo zilikuwa mbili, lakini zapita bahari ile ile. Na nani kati yetu amesahau umeme wa Unguja? Waya mmoja tu ulitoka Ras Kiromoni hadi Fumba. Ulipoharibika mwaka 2008, kisiwa kilikaa gizani kiasi cha mwezi mmoja. Kisha tena tangu Disemba 2009 hata Machi 2010.

Basi rai yangu ni hii. Kila tawi na kila mwanachama mwenye duka au ghala aulize kwanza: njia yangu ya pili yapita wapi? Palipo na faiba, iwe ndiyo njia ya kwanza, na laini ya simu iwe ya akiba. Pasipo na faiba, chukua laini za kampuni mbili, lakini hakikisha minara yao ni mbalimbali. Ruta ipate betri yake, kwani umeme ukizimika faiba nayo haikufai kitu. Malipo ya simu ya kubonyeza nyota na namba hayahitaji intaneti. Wahasibu wetu wayajue vyema. Na daftari la mizani lisitupwe, maana siku bahari ikikata nyaya zote, kalamu haikatiki.

Zaidi ya hayo, Jumatatu ya kwanza ya kila mwezi, chomoeni njia kuu kwa robo saa, mfanye kazi kwa ile ya akiba. Akiba isiyojaribiwa si akiba.

Wako watakaosema, kwa nini tulipie kitu kinachokaa bure? Nawajibu: mvuvi hachukui kafi la pili kwa sababu analitumia kila siku. Msimu ukifika, mchumaji aliyeshinda juu ya mkarafuu hataki kusikia habari za mnara. Ataka ujira wake jioni ile ile, na ni haki yake.

Tulizungumze jambo hili matawini kabla karafuu hazijaiva.

Wenu,
Mwanachama