Chupa Ishirini, Mto Mmoja

Barua zilizotufikia baada ya toleo lililopita zimegawanyika pande mbili, na pande zote mbili zimenikera. Wapo wanaotaka tuupige marufuku mtihani wa t katika makala za ikolojia. Wapo wanaosema thamani ya p ikishuka chini ya 0.05 basi kesi imekwisha, kiwanda kimechafua mto. Wote wanabishania hesabu, ilhali kosa lilishafanyika siku ya kuchota maji.

Wasomaji wetu wa Thika na Ruiru wanaujua vizuri utafiti ninaouzungumzia. Mtafiti anachagua kituo kimoja juu ya bomba la kiwanda na kingine chini yake. Tuseme anachota chupa 10 kila upande asubuhi moja, anapima BOD (oksijeni inayotumika kuozesha uchafu majini) au anahesabu wadudu wa majini, kisha anaipa kompyuta kazi iliyobaki. Kompyuta inamrudishia digrii 18 za uhuru, na t ikivuka 2.10 anaandika kwamba kiwanda kimeathiri mto. Alichothibitisha ni kwamba sehemu mbili za mto mmoja hazifanani. Kuonja mchuzi mara ishirini hakuigeuzi sufuria moja kuwa ishirini. Stuart Hurlbert alilisema hili mwaka 1984 katika jarida la Ecological Monographs, baada ya kupitia tafiti 176 za majaribio: karibu nusu ya zile zilizotumia takwimu kufikia hitimisho zilikuwa na marudio bandia. Miswada ya namna hiyo bado inafika mezani kwangu.

Na mito yetu ina sababu tele za kutofautiana hata pasipo kiwanda. Chania huanguka kwenye maporomoko pale Thika, maji yakachanganyika na hewa. Aliyepima oksijeni juu na chini ya hapo amepima maporomoko. Kisha Chania huungana na mto Thika, kwa hiyo kituo kilicho baada ya makutano kinabeba maji ya mto wa pili. Hata kituo cha juu, ambacho waandishi hukiita safi bila kusita, kiko chini ya mashamba ya kahawa ya Kiambu na Murang'a. Msimu wa kumenya kahawa ukifika, maji ya kuoshea yanaweza kupandisha BOD kabla mto haujaingia mjini. Mwezi huo tofauti ya juu na chini itapungua, na kiwanda hakitakuwa kimerekebisha lolote.

Wanaotaka kuuzika mtihani wa t, hata hivyo, wanatupa chombo kizuri. William Gosset alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha bia cha Guinness, Dublin, alipouchapisha mwaka 1908 kwa jina la Student, na tatizo lake lilikuwa letu: sampuli chache. Mfano wake mashuhuri ni wa wagonjwa 10 waliojaribiwa dawa mbili za usingizi, kila mgonjwa zote mbili. Zihesabu takwimu zile kama makundi mawili yasiyohusiana, utapata t ya 1.86 na p ya karibu 0.08. Zihesabu kwa jozi, mgonjwa kwa mgonjwa, t inapanda hadi 4.06 na p inashuka hadi karibu 0.003. Wagonjwa walitofautiana mno wao kwa wao, na jozi inaiondoa tofauti hiyo.

Kwa mto, jozi ni siku. Mvua ikinyesha Nyandarua, vituo vyote viwili huchafuka pamoja. Basi chota juu na chini siku ile ile, toa kipimo kimoja kutoka kingine, na siku hiyo uandike nambari moja tu, hata kama ulijaza chupa kumi. Fanya hivyo kwa miezi kadhaa kabla bomba halijafunguliwa, au kabla mtambo wa kusafisha majitaka haujawashwa, kisha miezi kadhaa baadaye. Tofauti za kabla na tofauti za baada ndizo sampuli mbili, na hapo mtihani wa t wa sampuli mbili una kazi halali, kwa njia ya Welch ikiwa mitawanyo hailingani. Stewart-Oaten, Murdoch na Parker waliutetea mpango huu mwaka 1986. Una masharti: siku za kuchota zisikaribiane hadi vipimo vya leo viwe mwangwi wa vya jana, na mtafiti akumbuke kwamba jambo jingine lingeweza kuupata mto wakati ule ule. Ndiyo maana nasisitiza vituo vya kulinganishia viwe zaidi ya kimoja, ikiwezekana kwenye mito mingine kama Ndarugu na Ruiru.

Kuna kosa linalonitia wasiwasi kuliko yote. Ripoti inachukua chupa tatu juu na tatu chini, inapata p ya 0.2, inatangaza kwamba majitaka hayana athari. Kwa digrii 4 za uhuru, t lazima ivuke 2.78, kwa hiyo madhara makubwa hupita hapo bila kuonekana. Tunataka ukubwa wa tofauti pamoja na mipaka yake ya uhakika. Na kama swali ni la sheria, Kanuni za Ubora wa Maji za 2006 ziliweka kikomo cha BOD cha miligramu 30 kwa lita kwa majitaka yanayoachiliwa kwenye mazingira. Pimeni kwenye bomba.

Makala ya kahawa katika toleo hili inafuata desturi njema ya Ruiru, ambako aina ya Ruiru 11 ilitolewa mwaka 1985: vitalu vingi, vilivyogawanywa kwa bahati nasibu. Makala ya udongo wa mashamba ya mananasi isomwe kwa ajili ya ramani zake.

Kuanzia toleo lijalo, kila mwandishi ataeleza mwanzoni mwa sehemu ya mbinu alirudia kitu gani: chupa, siku, kituo au mto. Nanyi wasimamizi wa viwanda mnaojenga mitambo ya majitaka sasa hivi, anzeni kuchota kabla ya kuiwasha, juu na chini, siku ile ile, kisha mtuletee daftari zenu. Tutazichapisha hata kama hazina p yoyote ndani yake.