TUJIFUNZE PAMOJA: Feza, banki na konkuru



Kijana mmoja wa Kavimvira, hapa Uvira, ametuandikia. Amepata diploma, sasa anajitayarisha kwa konkuru ya kuingia kazi ya banki. Anauliza: « Nisome nini? Tena kuna mutu ananiambia nimupe dolari 100, eti atanipatia maswali mbele ya siku. Mama amekwisha kuzitafuta kwa biashara yake ya ndagala. Nifanye namna gani? »

Swali la pili tutalijibu mwishoni. Tuanze na masomo. Funika jibu kwa mkono, ujijaribu mwenyewe.

1. Banki Kuu ya Kongo inafanya kazi gani?
Ni yenyewe tu inatoa franka za inchi. Inachunga feza ya serikali na kusimamia mabanki mengine. Mtu wa kawaida hafungui konti pale.

2. Banki ya biashara inapata faida wapi?
Inapokea akiba za watu na kuwalipa riba ndogo. Feza hizo inakopesha wengine kwa riba kubwa zaidi. Tofauti kati ya riba hizo mbili ndiyo inalipa wafanyakazi na kuacha faida. Kwa hiyo banki inaishi kwa kuaminiwa. Watu wote wakija kuondoa akiba siku moja, hakuna banki inayoweza kusimama.

3. Hesabu.
Fundi amekopa dolari 200 kwa miezi 10. Riba ni 3 kwa mia kila mwezi, juu ya deni la mwanzo. Atarudisha ngapi?
Riba ya mwezi mmoja ni dolari 6, ya miezi 10 ni 60. Atarudisha 260. Lakini akikopa kwa mtu wa machimbo anayedai 20 kwa mia kila mwezi, riba peke yake itakuwa 400! Wachimbaji wa Misisi na Kamituga, musome hesabu hii mara mbili.

4. Kwa nini wazee wetu hawaamini noti?
Mwaka 1967 zaire 1 ilichukua nafasi ya franka 1.000. Mwaka 1993 ikatoka zaire mpya: 1 kwa zaire 3.000.000 za zamani. Mwaka 1998 franka ya Kongo ikarudi: 1 kwa zaire mpya 100.000. Zidisha: franka 1 ya 1998 ni sawa na zaire za zamani miliari 300. Mama aliyeficha zaire milioni 3 ndani ya mkebe, alibaki na zaire mpya moja tu. Aliyeweka banki naye alipoteza vilevile. Sababu? Serikali ilichapisha noti nyingi kulipa madeni na mishahara, lakini bidhaa sokoni hazikuongezeka. Ndiyo maana hata leo wengi wanaweka akiba kwa dolari.

5. Maarifa ya dunia.
Feza za Dunia (FMI) na Banki ya Dunia zilipangwa Bretton Woods, Marekani, mwaka 1944. Makao yake ni Washington. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022; makao ni Arusha.

Sasa ile dolari 100. Mwaka 1991, kule Kinshasa, watu wengi walipeleka akiba yao kwa nyumba ya Bindo, iliyoahidi kuzidisha feza kwa muda mfupi. Wa kwanza walilipwa kwa feza ya waliokuja nyuma. Ilipoanguka, jamaa nyingi zilibaki mikono mitupu. Anayekuuzia maswali ni ndugu ya mchezo ule. Akiwa mwongo, feza ya mama imepotea. Akisema kweli, ni mbaya zaidi: utaingia banki, naye anajua siri yako. Siku moja atarudi kukuomba ufunguo wa sanduku. Utamkatalia namna gani?

Mwanangu, rudishia mama feza yake. Ukishindwa konkuru hii, masomo yako yanabaki kichwani, na ingine itakuja.

Maswali ya mwezi ujao: Akiba na mkopo vinaachana wapi? Franka ya Burundi inatolewa na banki gani? Dolari 150 kwa 2 kwa mia kila mwezi, mwaka mzima, riba ni ngapi?

Mufanye hesabu pamoja nyumbani, wazazi na watoto. Kwaherini.